Tangazo la Mtu Aliye Hai

Mficha uchi hazai. Maneno haya ni makavu, na wapo wenye haya nyingi wasiopenda kuyatamka mbele za watoto. Lakini walioyatunga hawakuwa watu wa mzaha. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hana budi kujifunua mbele ya mkunga. Akiikaza shuka kwa kuona aibu, mtoto hufia tumboni, na pengine mama humfuata. Hivyo hivyo, mtu anayeona haya kuidhihirisha dhiki yake kwa yule awezaye kumpunguzia, hujinyima dawa kwa mkono wake mwenyewe. Anayelitilia shaka jambo hili na asikilize yaliyomfika Amour Kheir, fundi wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja.

Amour alikuwa fundi wa chokaa, tena fundi wa kupigiwa mfano. Majumba ya Mji Mkongwe yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe yalimjua kama mgonjwa amjuavyo tabibu wake. Aliweza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, kisha akamwambia mwenye nyumba mahali maji yalipofika na miaka ambayo yamekaa. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja kwa tajiri wala kwa maskini: ukuta wa mawe na chokaa haupakwi saruji. "Ukuta huu unapumua," alizoea kusema. "Ukiuvika saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Utapanda kimya kimya, na nyumba itaoza ndani huku nje inang'ara." Waliomkatalia walikwenda kwa mafundi wengine, na baada ya masika mbili tatu wakarudi kwake na vichwa chini, wakimwomba aibandue ile saruji.

Kheri nyingi huwa na jirani yake shari. Asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu, ubao wa jukwaa ulivunjika chini ya miguu ya Amour, naye akaanguka kutoka ghorofa ya pili kama nazi iliyoiva. Mungu alimhifadhia roho, lakini mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Akakaa miezi kumi bila kazi, kwanza kitandani, kisha kwa gongo. Fundi asiyesimama hana mshahara, na tumbo halijui kuwa mguu umevunjika.

Hapo ndipo ilipoanza mikopo. Kwanza alimwendea Bwana Abdulwahid, karani mstaafu wa bandari aliyekuwa akiishi Chukwani. Bwana huyu aliwakopesha watu fedha kwa kile alichokiita faida. Jina la riba hakulipenda hata kidogo, ingawa kubadili jina la nyoka hakumwondolei sumu. Alimpa Amour shilingi milioni sita, akachukua rehani hati ya nyumba. Kila mwezi faida ilikuwa laki tatu, na miezi ya mwanzo ililipwa kutoka katika mkopo wenyewe. Baadaye Amour alikopa milioni tatu kwa kampuni moja ya mikopo yenye ofisi karibu na Darajani. Nazo zikaanza kuzaa.

Kama fedha hizo zote zingaliishia kwenye dawa na chakula, pasingekuwa na la kulaumu. Lakini Amour alizaliwa mahali ambapo stara ya mtu ni nguo yake ya pili, naye akaikosea maana yake. Alidhani kustirika ni kutojulikana. Kwa hiyo Ramadhani ilipoingia, sahani za futari zilitoka nyumbani kwake kwenda kwa majirani kama miaka yote, na vipande vya nyama juu. Mpwa wake alipooa, alichanga laki tatu, akasifiwa ukumbini. Na kabla ya Idi alifanya jambo ambalo asingemruhusu mtu mwingine yeyote kulifanya. Ukuta wa mbele wa nyumba yake, nyumba ya mawe na chokaa aliyoijenga marehemu baba yake, ulikuwa umeanza kuchubuka. Amour alikuwa bado anatembelea gongo. Akamwita kijana wa mtaani, akamwamuru aupake saruji, na juu ya saruji rangi ya maziwa inayometa. Majirani wakasema, "Mashaallah, fundi mambo yake si haba." Yeye akatabasamu. Usiku hakulala.

Mkewe, Wanu, aliyekuwa akidarizi kofia za mkono kwa ajili ya maduka ya mjini, alimtazama siku ile, akamwambia, "Baba Riyama, kuta za watu wazibandua, yako waipaka?"

"Ni ya muda tu," Amour alijibu.

Alipopona na kurudi kazini, Mungu alimfungulia mlango: alipata mkataba wa miaka mitatu wa kukarabati jumba kubwa katika Mji Mkongwe, kwa ujira wa laki tisa kila mwezi. Mtu angedhani dhiki imekwisha. Lakini deni lililoachwa ni kama moto wa makumbi ya nazi. Juu huoni kitu, chini linakula. Za Abdulwahid zilikuwa zinaelekea milioni tisa. Za kampuni zilikuwa zinaelekea milioni nne. Amour akaanza kuizima simu. Akaacha kupita Darajani, akawa anazunguka njia ndefu kwa mguu ule ule uliovunjika, ili macho ya afisa wa mikopo yasimwone. Miezi minne alikwenda hivyo, akichechemea kama mwizi katika mji aliozaliwa.

Kisha ikaja barua ya Abdulwahid. Ilikuwa fupi: kama mwezi ule ungekwisha pasina malipo, nyumba ingeuzwa.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo Bi Duni, mama yake Amour, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu. Alikuwa mkunga wa mtaa kwa zaidi ya miaka arubaini, na chumba chake cha nyuma ndicho alichoingia akiwa bibi harusi. Neno lake lilikuwa moja siku zote: "Nilipoingia kwa miguu, nitatokea kwa jeneza." Hakujua kuwa hati ya chumba hicho ilikuwa kabatini kwa mtu wa Chukwani. Amour aliikunja barua, akaitia katika mfuko wa koti, akaenda kazini. Kwa nani aseme? Na aanzie wapi?

Wiki hiyo hiyo alifariki Mzee Abrahman, mshoni wa makanzu, jirani mwenye sifa ya ukwasi. Watu walijaa. Kabla ya kuswaliwa, kama ilivyo ada, mzee mmoja alisimama mbele ya jeneza akasema, "Enyi ndugu mliohudhuria, ikiwa yupo anayemdai marehemu, basi na awaone warithi wake."

Watoto wa marehemu walikuwa wamesimama wima na nyuso za huzuni tulivu, kwa kuwa hawakutarajia kitu. Baada ya maziko alikuja mtu wa kwanza. Akaja wa pili. Kufika Alasiri walikuwa saba, kila mmoja na karatasi yake, na baadhi ya karatasi zilikuwa na faida zilizozaa faida. Amour alimwona mtoto mkubwa wa marehemu akiketi chini juu ya kizingiti, mikono juu ya kichwa. Alimsikia akisema, "Baba alikuwa akicheka na sisi kila siku. Kila siku!"

Amour alisimama pale kama aliyepigwa na radi. Jambo moja lilimwingia akilini, likampa baridi katika joto la Unguja. Tangazo lile ni haki, na ni rehema; lakini hutolewa siku ambayo mdaiwa hana tena ulimi. Maiti hawezi kusema, "Nipeni muda." Maiti hawezi kusema, "Lisimamisheni deni lisizidi kukua." Tangazo linalomwokoa marehemu kaburini humkuta ameshapoteza ulimi ambao ungewaokoa watoto wake. Je, nani amekataza litolewe mapema?

Alikwenda nyumbani moja kwa moja. Akapita Darajani.

Wanu alikuwa katika baraza ya ndani, sindano mkononi, kofia juu ya goti. Amour aliketi mbele yake, akaitoa ile barua, akaisoma mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema yote: rehani, kampuni, simu iliyozimwa, njia ndefu. Aliposema la mwisho alitazama chini, akingoja mvua ya maneno.

Wanu aliichomeka sindano yake katika kofia, akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kijitabu chenye jalada la buluu. Akakiweka juu ya barua ya Abdulwahid.

"Nini hiki?"

"Cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Cha akina Bi Saadiya. Nilichukua laki tano ulipokuwa kitandani. Faida nimelipa miezi mingine, mingine nikashindwa; zishafika laki nane." Akakifungua kijitabu mahali pa hesabu. "Nikakwambia zile fedha za sukari na maziwa ni za kofia. Kofia gani, Baba Riyama? Mwezi ule sikushona hata moja, nilikuwa nakugeuza ubavu."

Wakatazamana. Kwa muda wa mwaka mzima walikuwa wamelala juu ya kitanda kimoja, kila mmoja akimfunika mwenziwe ili asione baridi, na wote wawili walikuwa wakitetemeka. Wanu ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa na machozi mengi kuliko kilio.

"Mnaocheka, nyumba imeuzwa au bado?"

Ilikuwa sauti ya Bi Duni. Alikuwa amesimama katika ushoroba, mkono mmoja ukutani. Hakuna ajuaye alikuwapo tangu lini.

"Mama..." Amour aliinuka.

"Kaa. Masikio yangu hayajafa, ni magoti tu." Alisogea taratibu, akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. "Mimi nimepokea watoto wa mtaa huu hata hesabu imenipotea. Wanawake wawili walinifia mikononi. Wawili, Amour. Mmoja alikuwa binti wa watu wakubwa. Nilipofika, alikuwa ameikaza kanga magotini, anasema, 'Bi Duni, naona haya.' Nilimsihi. Mama yake alimsihi. Alipoiacha kanga, mtoto alikuwa ameshachoka kungoja. Hakufa kwa ugonjwa, yule. Alikufa kwa haya." Akamtazama mwanawe. "Nimezaa mtoto wa kiume nikidhani nimeepukana na kanga zilizokazwa. Kumbe!"

"Nifanyeje, Mama?"

"Mimi ni mkunga. Siyo mimi ninayezaa."

Siku tatu Amour na Wanu walifanya kazi ambayo hawakupata kuifanya katika maisha yao ya ndoa. Walichukua karatasi moja kubwa, wakaandika kila shilingi iingiayo na kila shilingi itokayo. Laki tisa za mkataba. Laki moja na nusu za kofia. Unga, mchele, umeme, nauli, dawa ya Bi Duni. Waliandika hata michango ya harusi, na Wanu akaipiga mstari. Na chini waliandika madeni yote matatu, kwa majina ya wenyewe, kila mmoja aone la mwenziwe.

"Wakijuana watatugombania kama mwewe na kifaranga," alisema Wanu.

"Wasipojuana watatumaliza mmoja mmoja."

Jumamosi baada ya Alasiri, wadai watatu walikuja kwa mwaliko. Wa kwanza alikuwa Bi Saadiya, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Wa pili alikuwa Ulfat, afisa wa ile kampuni ya mikopo, binti wa miaka ishirini na minane aliyekuja na jalada kifuani, macho yake yakitafuta mlango kana kwamba amezoea kufukuzwa. Mwisho aliteremka kutoka kwenye gari Bwana Abdulwahid, kanzu nyeupe pe, kofia ya kiua iliyodariziwa, uso umekunjwa kama barua yake. Alipouona ukuta wa mbele uliometa, alisimama, akautazama.

"Rangi nzuri," alisema. "Fedha zangu zimependeza."

Wanu alitaka kutoa vikombe vya wageni, sambusa na shurubati. Amour alimzuia. "Kahawa na kashata tu, Mama Riyama. Leo siku ya kuonyesha tulicho nacho. Tusiweke tusicho nacho."

Wageni walipokwisha kuketi, Amour alisimama katikati. Akaiweka mikono yake mbele kama asimamavyo mtu mbele ya jeneza, akasema kwa sauti iliyosikika hadi uani:

"Enyi ndugu mliohudhuria. Ikiwa yupo anayemdai Amour bin Kheir, basi na ajitokeze."

Kikombe cha Bi Saadiya kilisimama njiani kwenda kinywani. "Lahaula! Mwanangu, si u hai wewe? Mbona wajisomea tangazo la maiti?"

"Ninawahi, Bi Saadiya," alijibu Amour. "Ninawahi kabla sijakosa ulimi."

Akaikunjua karatasi, akaisoma. Hakupunguza wala hakupamba. Alisoma tarehe alizokopa na ahadi alizovunja. Alisema, "Bwana Abdulwahid, miezi minne nilikuzimia simu. Binti Ulfat, ulipokuja hapa mara mbili nilikuwamo ndani. Nilimwambia mke wangu aseme nimekwenda shamba. Rangi ile ya ukutani ni fedha ya deni, na ukuta wenyewe umeoza." Kisha akafika mahali pa hesabu, akaisoma polepole.

"Nikijibana, naweza kutoa laki tano kila mwezi. Faida ya Bwana Abdulwahid ni laki tatu. Ya kampuni ni laki moja na ishirini elfu. Ya kikundi ni elfu themanini. Jumla laki tano. Maana yake, nikilipa kila mwezi bila kukosa hata siku moja, mpaka siku mtakayonibeba, mtakuta milioni kumi na tatu na laki nane ziko pale pale. Hazikupungua hata shilingi." Akainua macho. "Siombi kusamehewa. Nilikula, nitalipa. Naomba jambo moja tu: deni lisimame lilipo. Laki tano hizo hizo, likiwa limesimama, miezi ishirini na minane nimemaliza."

Nje kunguru alilia mara moja. Kahawa ikapoa katika vikombe. Watu hawa watatu walikuwa wamezoea nyuso za wadaiwa: walijua uso wa uongo, uso wa machozi, na uso wa ugomvi. Uso huu hawakuwahi kuuona. Mbele yao alisimama mtu mzima aliyeivua aibu yake akaiweka mkekani kama mtu avuavyo viatu, na ajabu ni kwamba hakuonekana mdogo. Alionekana kana kwamba amerefuka.

Ulfat ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuna fomu."

"Fomu gani, mwanangu?" aliuliza Bi Saadiya.

"Ya kuomba riba isimamishwe. Kampuni inayo. Mteja anatakiwa aje mwenyewe, aeleze hali yake yote, na alete hesabu kama hii." Aliitazama karatasi ya Amour kama mtu atazamaye kitu alichosimuliwa tu. "Ziko katika droo yangu tangu nilipoanza kazi. Miaka minne. Hajapata kuja mtu hata mmoja kuiomba. Wote hutukimbia, ndipo nasi hutumwa tuwafukuze." Akalifungua jalada. "Siamui mimi peke yangu. Lakini nitaipeleka Jumatatu, na sijaona sababu ya kukataliwa."

"Subhanallah," alisema Wanu. Miaka minne dawa ilikuwa katika droo, hatua mia tatu kutoka njia ambayo mumewe alikuwa akiikwepa!

Bi Saadiya alikishusha kikombe chake kwa kishindo. "Basi na mimi niseme. Wanu, wewe mwanamke wewe, kila Jumatano umekaa ubavuni kwangu ukinichekea, kumbe moyoni mna moto! Ungalisema. Kikundi ni cha akina mama, si cha polisi. Nitawaambia wenzetu, nao watakubali, na asiyekubali nitakwenda kunywa chai kwake mpaka akubali."

Wakacheka. Aliyebaki ni mmoja, na hakucheka.

"Maneno mazuri," alisema Abdulwahid. "Umeyapanga. Lakini nakuuliza, fundi: mtu aliyenizimia simu miezi minne, leo nimwamini miezi ishirini na minane kwa nini?"

Wanu alifungua kinywa, Amour akamwashiria anyamaze. "Sina jibu, Bwana. Ulilosema ni kweli. Ninalo neno la kazi yangu tu. Ukuta uliolowa hautengenezeki maji yakiwa bado yanapanda. Upige chokaa usiku na mchana, utabanduka. Kwanza maji yazuiliwe, ndipo fundi aonekane kama ni fundi au si fundi. Zuia maji, kisha nihukumu."

Mlango wa ushoroba ulifunguliwa. Bi Duni alitokea, akijikokota na bakora yake. Ulfat akawahi, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Abdulwahid naye akainuka kwa adabu, akamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hati ya chumba changu?"

Abdulwahid alikosa pa kutazama. "Naam, Bi Duni."

"Usinionee huruma," alisema yule bibi. "Ukimwachia mwanangu kwa ajili yangu, huruma yako itakufa pamoja na mimi, na mimi siku zangu zishahesabika. Utaniweka kaburini na nyumba utaichukua. Isome ile karatasi. Kama ni ya kweli, ifuate. Kama ni ya uongo, uza." Akageuka, akaketi kando, akaomba kahawa.

Abdulwahid aliichukua karatasi. Aliisoma mara moja, akairudia. Kidole chake kilishuka mstari hata mstari, unga, mchele, nauli, dawa, mpaka kilipofika kwenye jina lake mwenyewe, kikasimama. Walio karibu waliona jasho likimtoka chini ya ile kofia ya kiua. Kisha akafanya jambo ambalo Ng'ambo husimuliwa hadi leo. Akaivua kofia, akaiweka gotini.

"Fedha hizi si zangu," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Watu hudhani nakopesha kiinua mgongo changu. Mke wangu anadhani hivyo. Kiinua mgongo kilikwisha mwaka wa kwanza, katika msingi wa nyumba ya Chukwani. Hizi nilizichukua benki, nami nalipa riba kila mwezi. Ninyi mkinizimia simu, mimi nawazimia wao. Sikuweza kusimamisha lako, fundi, kwa kuwa langu halisimami." Akaigeuza kofia gotini. "Matangazo yale nimeyasikia juu ya majeneza mengi. Kila mara najiuliza, siku yangu watajitokeza wangapi? Sijapata kulisikia kwa mtu anayepumua. Wallahi, sikujua kwamba inawezekana."

Bi Duni alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani kichwa cha mtoto kilipochomoza.

Naam, dunia ina maajabu. Mtu aliyeingia ndani ya nyumba ile kuiuza, alitoka akiwa amejiuzulu ubwana wake. Siku ile ile, mbele ya mashahidi wanne, Abdulwahid aliandika kwa mkono wake kwamba faida imesimama tangu leo, na kwamba nyumba haitauzwa maadamu malipo yanaendelea. Hakupunguza shilingi moja ya milioni tisa, na Amour hakumwomba apunguze. Jumatatu, kabla ya kitu chochote kingine, Abdulwahid alimwambia mkewe ukweli. Kisha akaenda benki na karatasi aliyoiandika kwa kuiga ile ya Amour, mstari kwa mstari, akaomba alichoombwa. Benki haikusimamisha yote. Ilimpunguzia, ikamwongezea muda. Ilimtosha kupumua.

Jumatano kikundi cha akina mama kikakubali, bila hata Bi Saadiya kwenda kunywa chai kwa mtu. Na kabla ya mwezi kwisha, Ulfat alileta jibu la kampuni likiwa na muhuri. Akasimulia kwamba habari zimeenea, na watu kumi na wawili wameshakuja kuomba fomu. Droo ilikuwa tupu. Ilimbidi atoe kopi.

Kesho yake Amour alichukua patasi na nyundo, akausimamia ukuta wake wa mbele. Aliibandua ile saruji yenye rangi ya maziwa, vipande vikaanguka vikubwa vikubwa. Chini yake mawe yalikuwa meusi kwa maji hadi kiunoni. Aliuacha ukuta ule wazi, mtupu, mbele ya macho ya mtaa mzima, tangu msimu wa upepo wa Kaskazi hadi wa Kusi. Wapita njia waliuliza, "Bi Duni, hamwoni haya, nyumba kukaa uchi hivi?" Naye akawajibu kutoka barazani, "Uacheni upumue. Na wenu je, mmeugonga?"

Miezi ikapita. Mwezi mmoja ujira ulichelewa wiki mbili, na Amour, badala ya kuizima simu, alipiga mwenyewe siku tatu kabla. Deni la kikundi lilimalizwa kwanza, kisha la kampuni. Mwezi wa ishirini na nane ulipotimia, Abdulwahid alikuja kwa miguu kutoka kituoni, kwa kuwa gari alikwisha kuliuza, na uso wake ulikuwa umekunjuka. Ukuta wa mbele ulikuwa mkavu, mweupe kwa chokaa safi. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, kama aliyefundishwa, ukamjibu kwa sauti nzima. Kisha akaitoa hati katika bahasha, akampa Amour. Amour akaipeleka chumba cha nyuma, akaiweka mikononi mwa mama yake.

Bi Duni, aliyejua kusoma herufi za Kiarabu tu, aliishika hati juu chini. Akainusa. "Inanuka kabati la watu," alisema, kisha akaitia chini ya mto wake, akaulalia, na macho yake yakajaa machozi asiyoyaficha.

Deni lililofichwa miezi kumi na minne lilizaa deni juu ya deni. Deni lililofunuliwa alasiri moja lilizaa uhuru wa nyumba mbili. Kwa hiyo anayejua kuwa amebeba mzigo mzito, na ailegeze kanga ya aibu mapema, angali na ulimi wa kusemea. Kwa maana hakika mficha uchi hazai.